Mlipaji na Swali: Fedha za Utafiti wa Kiswahili Tangu 1930

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fedha za utafiti wa lugha aghalabu huja pamoja na swali la mwenye kuzitoa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iligharamiwa na serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Serikali hizo zilitaka lugha moja ya vitabu vya shule. Zikapata usanifishaji, na kamusi ya 1939. Vijitabu vya Lambert juu ya lahaja za Kivumba na Chichifundi vilingoja hadi 1957 na 1958.

Nchini Kenya hali haikugeuka sana. Chuo Kikuu cha Moi, ambacho njia yake yachepuka hapa Cheptiret, kilianzishwa mwaka 1984 kwa mkazo wa sayansi na teknolojia. Sheria ya 2013, iliyounda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, yataja jinani mwake sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Lugha na fasihi hazimo.

Hivyo hapana budi mtaalamu wa Kiswahili aanzie sokoni, Kikalenjin na Kiswahili vinapokutana. Awaeleze wananchi kazi yake, ayasikilize maswali yao, kisha ndipo amwendee mfadhili. Asiye na swali lake atalipwa kujibu la mwenziwe.