Mifumo ya taarifa na uamuzi katika taasisi: Funzo la vita dhidi ya malaria Dar es Salaam

Mfumo wa taarifa ni utaratibu wa kukusanya, kuhifadhi, kuchambua na kusambaza taarifa ndani ya taasisi, ili wenye madaraka waamue kwa kujua na si kwa kubahatisha. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria kompyuta. Kompyuta ni chombo tu. Daftari la mauzo dukani, fomu ya zahanati na kikao cha kila wiki navyo ni sehemu ya mfumo, almradi kinachoandikwa kimfikie mtu mwenye uwezo wa kutenda.

Mwanazuoni wa Marekani Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliugawa uamuzi katika hatua tatu: kulitambua tatizo, kubuni njia za kulitatua, na kuchagua njia moja kati ya hizo. Mfumo mzuri husaidia katika hatua zote tatu. Aidha, baada ya uchaguzi huo, hueleza kama njia iliyochaguliwa imezaa matunda.

Ngazi za uamuzi nazo hutofautiana. Mtendaji wa chini huamua kazi ya leo na kesho; msimamizi wa kati hugawa watu, vifaa na muda; uongozi wa juu huamua bajeti na sera za miaka. Taarifa inayomfaa mmoja huweza kumlemea mwingine.

Mfano ulio wazi upo Dar es Salaam. Mwaka 2004 Halmashauri ya Jiji ya wakati huo, pamoja na manispaa zake tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, ilianzisha Mpango wa Kudhibiti Malaria Mijini katika kata 15. Lengo lilikuwa kuwaua viluwiluwi wa mbu majini kabla hawajaota mabawa. Swali la uamuzi lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: dawa iwekwe wapi, lini, na nani?

Jibu lilijengwa juu ya muundo ambao wakazi waliujua tayari, yaani nyumba kumi. Wakazi waliochaguliwa kupitia uongozi wa maeneo yao walikabidhiwa maeneo ya mabalozi na kuchora ramani za mkono zilizoonyesha viwanja vilivyomo. Kila wiki walipita na fomu, wakiandika penye madimbwi, mitaro, mashimo au matuta ya mboga yaliyotuamisha maji, na kama viluwiluwi walionekana. Fomu zilikwenda kwa msimamizi wa kata, kisha manispaa, na hatimaye ofisi ya mpango ya jiji.

Kipimo cha wiki moja hakikuchaguliwa kiholela. Katika joto la Pwani, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo. Ripoti ya kila mwezi ingefika mezani wakati mbu wamekwisha kuruka na kuuma. Hapo ndipo penye kanuni ya kwanza ya mfumo wa taarifa: kasi ya ripoti hulingana na kasi ya tatizo, si na kalenda ya ofisi.

Hata hivyo, mfumo huo ulikuwa na pengo ambalo halikuonekana mpaka ulipokaguliwa. Ramani za mkono zilipolinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, ilibainika kuwa zaidi ya asilimia 30 ya eneo lililolengwa katika sehemu zenye msongamano wa watu halikuwa likifikiwa na wahudumu. Fomu zilijazwa na ripoti zilifika, lakini zilihusu maeneo yaliyochorwa tu. Mbu hazai kwa kufuata mipaka ya mabalozi. Baada ya hapo mipaka ilichorwa upya juu ya picha hizo, ili kila kipande cha ardhi kiwe na mtu wa kukiwajibikia.

Ukaguzi mwingine ulionyesha kuwa wahudumu walikuwa wakigundua takriban theluthi mbili tu ya sehemu zenye maji. Nyua na kuta za viwanja zilikuwa miongoni mwa vikwazo, pamoja na mhudumu kutolifahamu vema eneo lake. Kasoro ya namna hiyo hairekebishwi kwa kununua kompyuta mpya. Hurekebishwa kwa mhudumu kufahamika kwa wakazi na kufunguliwa mlango.

Uwekaji wa dawa ya kibaiolojia ulianza Machi 2006 katika kata tatu, moja kwa kila manispaa: Buguruni ya Ilala, Kurasini ya Temeke na Mikocheni ya Kinondoni. Mwaka 2007 kata zikawa tisa, na mwaka 2008 zikafika zote 15. Uchambuzi wa mwaka wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria kuwa uwezekano wa mtoto mdogo kukutwa na vimelea vya malaria ulipungua kwa asilimia 72 hivi. Uchambuzi mpana wa takwimu za mwaka 2004 hadi 2008, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria punguzo la asilimia 21 kwa wakazi kwa jumla. Makadirio yote mawili yanaonyesha faida. Lakini anayepanga bajeti kwa kutazama la kwanza peke yake atatarajia makubwa kuliko anayeyasoma yote mawili.

Katika ngazi ya bajeti, mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Morogoro. Katika miaka ya 1990 takwimu za vifo zilizokusanywa nyumba kwa nyumba zilionyesha kuwa malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Timu ya afya ya wilaya ilipowekewa takwimu hizo kwa michoro rahisi, iliweza kuhamishia fedha penye vifo.

Mwaka 2015 kiwanda cha dawa za kuua viluwiluwi kilizinduliwa Kibaha, mkoani Pwani, na mwaka 2017 halmashauri ziliagizwa kununua dawa hizo. Hata hivyo, chupa ya dawa haielezi dimbwi liko wapi. Halmashauri yenye dawa bila ramani hai ya mazalia hujikuta ikimwagia pale panapofikika kwa gari.

Kwa hiyo, taasisi inayotaka kupima mfumo wake na ijiulize maswali manne. Je, taarifa inatoka mahali lilipo tatizo? Je, inafika kabla wakati wa kutenda haujapita? Je, yupo anayeilinganisha na chanzo kingine? Na je, aliyejaza fomu hupata mrejesho wa kilichoamuliwa? Muuguzi anayejaza vitabu vya MTUHA mwaka mzima bila kuambiwa takwimu zake zimebadili nini, huishia kujaza ili nafasi isibaki wazi, na uamuzi unaojengwa juu ya tarakimu za namna hiyo hauna tofauti na kubahatisha.