Swichi ya Hall

Swichi ya Hall ni kifaa cha semikondakta, kisichozidi punje ya hindi, ambacho huwasha au kuzima saketi ya umeme sumaku inapokikaribia. Hakiguswi, wala ndani yake hakuna kinachosogea, hivyo hakiliki kwa msuguano na hakitoi cheche. Kimo ndani ya feni za kompyuta, mita za mtiririko wa maji, magurudumu ya baadhi ya magari yenye breki za ABS na mota za pikipiki za umeme.

Jina linatokana na Edwin Hall (1855–1938), mwanafizikia wa Marekani. Mwaka 1879, akiwa mwanafunzi wa Henry Rowland katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alibandika utando mwembamba wa dhahabu juu ya kioo, akapitisha umeme kwa urefu wake, kisha akauweka katikati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Kati ya kingo mbili za pembeni, mahali ambapo hapakutarajiwa kitu, palionekana volti ndogo. Sababu ni kwamba sumaku huzisukuma chaji zilizo mwendoni kwenda upande mmoja. Ukingo huo ukijaa na wa pili ukapungukiwa, volti huzuka kati yao. Hall alilipima jambo hili miaka 18 kabla J. J. Thomson hajaitambua elektroni, na ndiyo maana jaribio lake linastahili heshima kubwa.

Katika metali volti hiyo ni hafifu mno, kwa kuwa elektroni ni tele na kila moja hujikokota. Semikondakta ina wabeba chaji wachache. Ili mkondo uwe uleule inabidi wakimbie zaidi, na anayekimbia zaidi husukumwa zaidi. Hata hivyo ugunduzi huo ulisubiri matumizi mapana hadi miaka ya 1960, mafundi walipoweza kuweka kihisi na kikuzaji chake katika kipande kimoja cha silikoni. Mwishoni mwa muongo huo kampuni ya Honeywell ilikuwa ikitengeneza kibodi ambazo kila kitufe chake kilikuwa na sumaku na chipu ya Hall.

Kiini cha swichi hii ni vizingiti viwili. Pasi ya umeme ikishafikia joto lake hujizima, na haiwaki tena mpaka ipoe kiasi. Ingewaka na kuzima kwenye nyuzi ileile, ingekuwa ikibofyabofya bila kukoma. Vivyo hivyo chipu huwaka uga sumaku unapopanda hadi kiwango fulani, na huzima pale tu uga unaposhuka chini ya kiwango kingine kilicho pungufu. Pengo hilo ndilo linaloizuia kupepesa sumaku inapotikisika mpakani.

Chukua A3144, chipu ya miguu mitatu iliyozoeleka sana mezani kwa wanaojifunza elektroniki. Hutumia volti 4.5 hadi 24. Kwa joto la kawaida la chumba huwaka mahali fulani kati ya militesla 7 na 35, na pengo lake kwa kawaida ni kama militesla 5.5. Upana huo wa 7 hadi 35 si wa kupuuzwa: chipu mbili za boksi moja zaweza kutofautiana sana, na aliyepima umbali kwa chipu moja tu atashangaa ya pili ikikataa. Dawa ni sumaku yenye nguvu ya ziada, kwa mfano ya neodimiamu, kwani nguvu ya sumaku ndogo hupungua haraka: ukiwa mbali nayo kiasi, umbali ukiongezeka maradufu uga hubaki takriban sehemu moja ya nane.

Upande wa sumaku nao una maana. A3144 huitikia ncha ya kusini ikielekea uso wenye maandishi. Ncha ya kaskazini haiigusi. Ipo aina nyingine inayoshikilia hali yake: kusini huiwasha, nayo hubaki imewaka hata sumaku ikiondolewa, mpaka kaskazini ije kuizima. Chipu ya aina hii yaweza kutupwa ikiwa nzima, kwa kudhaniwa imeungua.

Mguu wa tatu, ule wa ishara, hautoi umeme. Huuvuta kwenda hasi. Bila rizista, tuseme ya kiloomu 10, kati ya mguu huo na chanya, mita haitaonyesha mabadiliko ya kuaminika. Tena mguu huo hustahimili miliampia 25 tu, ilhali koili ya rilei ndogo ya volti 5 huhitaji kama 70. Kwa hiyo chipu iamuru transista, transista iiendeshe rilei, na daiodi ikingame kwenye koili ili kumeza volti kali inayorudi rilei inapozimwa. Anayeiacha daiodi anaweza kuiua transista.

Swichi ya kioo yenye vibanzi viwili vya chuma vinavyogusana sumaku ikija bado ina nafasi yake, hasa kwenye milango: haili betri ikingoja. Lakini kioo huvunjika, na vibanzi hurukaruka vinapogusana, hata mpito mmoja ukahesabiwa mara kadhaa. Penye kuhesabu mizunguko, Hall ni bora.

Katika mota za pikipiki za umeme, kama zile za Kigali na Nairobi, kwa kawaida chipu tatu hukiarifu kidhibiti mahali sumaku za rota zilipo, ili kijue koili ipi ipewe umeme. Zikipangwa kwa nyuzi 120 za umeme, huzaa hali sita tu. Kamwe hazipandi wala kushuka zote tatu kwa pamoja. Fundi huzipima hivi: kidhibiti kikiwa kimewashwa, huzungusha gurudumu polepole kwa mkono huku mita ikiwa kati ya hasi na waya wa ishara wa kila chipu kwa zamu. Volti ya waya mzima hupanda na kushuka. Usiobadilika ndio wa chipu iliyokufa, au uliokatika njiani.