Fataki: Neno la bunduki tulilowaachia watoto

Msomaji mmoja wa Buruburu ameniuliza swali ambalo sikulitarajia katika safu ya lugha. Amekuwa akitazama video za wawindaji wa Marekani wanaotumia bunduki za kushindiliwa mdomoni, ila siku hizi kwa baruti isiyo na moshi. Anasema jamaa hao hubishana kutwa kucha juu ya kile kidude kidogo cha madini kinachogongwa ili kuwasha baruti: kipi hakikosi kuwaka na kipi humwangusha mtu mbele ya paa? Anataka jina lake kwa Kiswahili. Yeye mwenyewe amependekeza "praima".

La hasha, ndugu yangu. Wapwani walikuwa na jina la kitu hicho kabla Nairobi haijawa mji. Kinaitwa fataki.

Najua kuna watakaocheka. Kwa mkazi wa Nairobi, fataki ni zile cheche za Diwali kule Ngara na Parklands, au vishindo vya saa sita usiku mwaka mpya ukiingia. Huko Tanzania, tangu kampeni ile ya redio ya miaka ya 2000, Fataki ni mzee anayewanyemelea wasichana wa shule. Lakini ukifungua kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, utakuta fataki ya bunduki imetangulia na ya sherehe inafuata nyuma.

Kinachonivutia ni kwamba Waswahili waliziainisha bunduki kwa namna zinavyowashwa. Neno bunduki lenyewe lina uhusiano na jina la Kiarabu la mji wa Venice, al-Bunduqiyya, lakini hilo la biashara tuliache. Palikuwa na bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe gumu lililogonga chuma. Ikaja bunduki ya fataki: kikofia cha shaba kikivishwa juu ya kifa, nyundo ikakigonga, moto ukapenya hadi kwenye baruti. Zote mbili ni gobori, zinashindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni. Na bunduki ilipofyatuka, wazee walisema imealika. (Kualika huku si kwa harusi, ni kutoa mlio mkali.)

Aliyeanzisha mageuzi hayo alikuwa kasisi wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hataza yake mwaka 1807. Alikuwa mwindaji wa ndege, na alichoshwa na ndege kuona mmweko wa gumegume wakaruka kabla risasi haijafika. Kwa watu wa pwani yetu faida ilikuwa nyingine: gumegume likipata unyevu ni kazi bure. Fataki huvumilia zaidi umande na mvua.

Tofauti hiyo ndogo iliingia hata katika siasa za ukoloni. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Lakini uliacha upenyo: chini ya masharti, Mwafrika angeweza kuuziwa bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani mataifa yaliyokuwa na fataki yaliketi mezani yakaamua kwamba sisi tubaki na jiwe. Miaka sita kabla ya hapo Mfaransa Paul Vieille alikuwa ameshavumbua baruti isiyo na moshi. Na hapa ndipo ubishi wa wale Wamarekani unapoanzia. Baruti nyeusi hushika moto kwa cheche tu. Isiyo na moshi ni ngumu kuwasha, inataka mwali mkali tena uliobanwa. Ndiyo maana wengi wao wameacha vikofia vya zamani na kutumia fataki za bunduki za marisau, ambazo mwali wake ni mkubwa.

Sasa turudi Eastlands. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walijiundia bunduki kwa bomba la maji, kipande cha mbao, komeo la mlango na mpira wa kuvutia. Mafundi hawakukosekana katika mji huu, na vijana waliorudi kutoka Burma walijua bunduki vizuri. Mtutu ungeweza kutengenezwa, hata kama ulimhatarisha mwenye kuushika kuliko adui. Fataki haikutengenezeka. Ile kemikali ndani ya kikombe chake ni kazi ya kiwandani, kwa hiyo kila kiasi kizima, yaani risasi, baruti, ganda na fataki kwa pamoja, kilibidi kiibwe au kinunuliwe kwa siri. Msako wa Operesheni Anvil wa Aprili 24, 1954, uliozingira Pumwani, Kariokor, Bahati na mitaa mingine, ulilenga kuikata njia hiyo ya Nairobi kwenda msituni.

Na sheria ilikuwa kali. Kupatikana na silaha au kiasi kimoja tu bila idhini kungeweza kukupeleka kwenye kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika vita vile, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa Kamiti Februari 18, 1957, alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na viasi sita.

Nimeandika viasi, na mhariri pengine atataka kuweka risasi. Asiweke. Risasi ni ile ncha ya madini inayoruka; asili yake ni neno la Kiarabu la madini hayo. Leo gazetini risasi ni ncha, ni ganda tupu lililookotwa barabarani, ni kiasi kizima ambacho hakijafyatuliwa. Vijana wa mtaani nao wanaviita vyote njugu. Mtaani haidhuru. Lakini mfikirie mshtakiwa wa Kayole au Dandora aliyesimama kizimbani Makadara, mkalimani akimwambia alipatikana na "risasi tatu". Je, ni maganda ambayo fataki zake zimeshagongwa, au ni viasi hai? Mtaalamu wa silaha atakuwa ameandika wazi katika ripoti yake, kwa Kiingereza, kama fataki ina alama ya kugongwa au haina. Mshtakiwa anajibu shtaka kwa neno moja lenye maana tatu.

Kwa hiyo msomaji wangu wa Buruburu, hao wawindaji wanachagua fataki. Na ile isiyowaka ikigongwa, sema fataki haikualika.