Nyumba ya Mmisionari huko Mbaga

Atokaye Same na kupanda upande wa kusini-mashariki huacha nyuma joto na vumbi la tambarare, akafika Mbaga, katika Upare ya Kusini, penye baridi na migomba. Hapo ingalipo nyumba iliyokuwa makao ya Jakob Janson Dannholz, mmisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, mwanzoni mwa karne ya 20.

Wapare, ambao kwa lugha yao hujiita Vaasu, walijenga kwa fito, udongo na nyasi. Nyumba ilipochakaa ilijengwa nyingine, wala hapana aliyeona hasara. Nyumba ya misheni ilikuwa na nia nyingine: ilijengwa ili idumu, na kudumu kwake kulikuwa mahubiri. Reli ya Usambara ilifika Moshi mwaka 1911, lakini reli ilipita bondeni; mizigo ya mlimani ilipandishwa kwa vichwa na mabega ya wenyeji. Basi tangu mwanzo nyumba za namna hiyo zilikuwa pia kazi ya Wapare.

Dannholz aliyaandika aliyoyasikia kwa wenyeji juu ya mizimu, laana na matambiko. Kitabu chake kilichapishwa Leipzig mwaka 1916, kikaitwa Im Banne des Geisterglaubens, yaani katika kifungo cha imani ya mizimu. Mwaka huohuo majeshi ya Jenerali Smuts yalipita kandokando ya milima hiyo yakiwafukuza Wajerumani, na mwaka 1920 wamisionari wa mwisho wa Leipzig wakaondoshwa nchini. Kitabu kilidumu, na mwaka 1989 kilitolewa tena kwa Kiingereza. Mtu aliyetaka mila zile zikome ndiye aliyezihifadhi.

Nyumba nayo ikapatwa na mageuzi kama hayo. Ilitengenezwa ikawa nyumba ya wageni, iitwayo Tona Lodge. Wageni hutoka hapo kwenda kuutazama mwamba wa Malameni, ambao masimulizi hutaja kuwa mahali pa kutolea kafara, na mapango ya Mghimbi, ambamo watu walijificha wakiwakimbia watekaji wa watumwa. Mlango uliofunguliwa ili kuwaita watu watoke kwenye mizimu yao sasa huwapeleka wageni kuisikia habari yake.

Mafundi wa nyumba kongwe wanajua kwamba ukuta wa mawe ulioungwa kwa udongo haupatani na lipu nzito ya saruji. Saruji huzuia unyevu usitoke, na ukuta uonekanao mpya kwa nje huoza kwa ndani. Chokaa huuacha ukuta upumue. Historia nayo hutaka fundi wa namna hiyo. Anayeipaka nyumba ya Mbaga sifa za mmisionari peke yake huifungia ndani mikono iliyobeba mizigo na vinywa vilivyosimulia. Na anayeibomoa kwa chuki ya ukoloni huivunja pamoja na kazi ya babu zake.