Idiot ya Dostoevsky mikononi mwa Kurosawa
Mwaka 1951 Akira Kurosawa aliihamisha riwaya ya Dostoevsky, Idiot, kutoka Urusi hadi Hokkaido ya baada ya Vita Vikuu vya Pili. Badiliko zito halimo katika mandhari. Kisa cha mtu aliyesamehewa akisubiri kupigwa risasi, ambacho Myshkin anakisimulia tu riwayani (na kilichomfika Dostoevsky mwenyewe mwaka 1849), katika filamu ni tukio la maisha ya mhusika mkuu, Kameda. Usimulizi umegeuzwa kumbukumbu. Hata hivyo, kampuni ya Shochiku iliipunguza filamu kutoka dakika 265 hadi 166, na katika toleo lililosalia maandishi marefu kwenye skrini huziba mapengo. Wahakiki wanaoilaumu kwa kukigandama kitabu wanahukumu masalio. Toleo kamili halijapatikana.