Pete ya tohara iliyojaribiwa Homa Bay

Pete ya Shang ni kifaa cha plastiki cha kutahiria wanaume bila kushona kidonda kwa nyuzi. Ilibuniwa na Shang Jianzhong wa China na kulindwa kwa hataza. Miongoni mwa majaribio yake ya awali barani Afrika ni yale ya hospitali ya Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, yaliyohusisha wanaume 40. Matokeo yakachapishwa mwaka 2011.

Waluo hawakuwa na mila ya tohara. Alama yao ya utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Hata hivyo, utafiti uliofanyiwa vijana 2,784 wa Kisumu ulisitishwa Desemba 2006, baada ya kubainika kuwa tohara hupunguza kwa takriban nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke. Mwaka 2008 serikali ikaanzisha mpango wa tohara Nyanza, na mbinu nyepesi zikatafutwa.

Kifaa chenyewe ni pete mbili. Mhudumu hutia ganzi, huvalisha pete ya ndani, hukunjia govi juu yake, kisha huibana kwa pete ya nje na kukata. Kubana huko ndiko huzuia damu. Upachikaji huchukua dakika chache tu, lakini mtahiriwa hulazimika kurudi baada ya siku saba ili pete ziondolewe.

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kifaa hiki mwaka 2015. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, mbinu ya upasuaji haipewi hataza. Chombo kinachotumika hupewa.