Mazizi ya Wasirikwa Chini ya Ploti za Eldoret

Ploti ya futi hamsini kwa mia, ile inayotangazwa kwenye kila nguzo ya stima pembezoni mwa Eldoret, ina upana wa kama mita 15. Shimo la Wasirikwa, wafugaji wa kale wa eneo hili, huwa na upana wa mita 10 hadi 20. Likiangukia kwenye ploti, linaweza kuumeza upana wake wote. Mnunuzi hudhani ni mahali pa kutuama maji, huomba apunguziwe bei, kisha huita tingatinga.

Katika mji huu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, jina Sirikwa huwajia wengi kwa sababu ya hoteli. Mashimo yenyewe yametapakaa nyanda za juu za magharibi, kuanzia Nakuru hadi Trans Nzoia. Pengine machache tu, pengine zaidi ya mia mahali pamoja. Huku Uasin Gishu, ambako mawe si haba, baadhi yalijengewa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini watu waliishi humo ndani. Mary Leakey, aliyechimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937 na 1938, aliyachukulia kuwa makao ya watu. Ni mwanaakiolojia John Sutton, aliyezichunguza nyanda hizi miaka ya 1960, aliyeonyesha kuwa hayo yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yaliyochimbwa kwenye mteremko na lango likaachwa upande wa chini. Nyumba ilijengwa kando ya zizi, na mlango wake ulitokea zizini. Mgeni hakuwa na njia ya kuwafikia wenyeji ila kupita katikati ya mifugo usiku. Dhidi ya wezi wachache, ulikuwa ulinzi wa kutosha.

Utaratibu huo ulidumu tangu takriban mwaka 1200 hadi karne ya 18. Kisha wakaja Wamaasai wa Uasin Gishu, walioliachia eneo hili jina lao, na mwaka 1908 Makaburu wa msafara wa Van Rensburg wakafika na magari ya kukokotwa na maksai. Shamba namba 64 likawa mji, ukaitwa Eldoret mwaka 1912, ingawa hadi leo wapo wanaouita Sisibo. Plau za ngano na mahindi zikaanza kusawazisha kingo za mashimo. Hata hivyo plau hugusa juu juu tu. Tingatinga ndilo balaa.

Nieleze kwa nini. Zizi lilikuwa likisafishwa. Samadi, tope, majivu, mifupa na vigae vya vyungu vilizolewa na kutupwa nje ya lango, vikarundikana kuwa kilima kidogo. Anayekimbilia kuchimba katikati ya shimo atakuta udongo mweusi ulioingizwa na mvua, chini yake sakafu ngumu, na labda asipate kingine. Habari ziko kwenye kile kilima: mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, vigae vyenye alama za kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi, na mkaa unaoweza kupimwa umri maabara. Sasa dereva wa tingatinga akiambiwa afukie shimo, atatoa wapi udongo? Huuchota papo hapo, kwenye kilima. Kwa mkupuo mmoja huvuruga tabaka zote na kuzizika zizini.

Kulichunguza shimo na kilima chake kabla ya ujenzi si kazi ya miaka. Handaki jembamba moja likate kilima, jingine lipite langoni, la tatu litafute sakafu ya nyumba pembeni. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka na kupitishwa kwenye chekecheke, kila kipande kikiandikiwa kina chake.

Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua mabaki ya kale atoe taarifa ndani ya siku saba. Lakini ugunduzi huo huwa umetokea mbele ya blade ya tingatinga. Uchunguzi ufanywe shamba lingali moja, kabla savea hajapiga bikoni. Mashimo hukaa kwa makundi. Shamba likishagawanywa, kundi moja huwa na wamiliki ishirini, kila mmoja na ramani yake ya nyumba na fundi wake anayesubiri kuanza msingi.